Ukuta Usiotaka Kusema Kitu

Juma lililopita nilikwenda mtaa wa Kasungami kumwamkia shangazi, nikakuta vijana wanafyatua matofali kando ya njia. Harufu ile ya udongo mbichi ilinisimamisha. Rafiki, nilisimama pale kama mjinga, viatu vya kanisani vimejaa matope, nikimkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyeishi mtaa huo huo, ambaye sisi tulimwita kambo, kama mabibi wote wanavyoitwa kwetu.

Kila mwaka, mvua zilipoisha na baridi ya asubuhi kuanza kuuma, kambo aliipaka nyumba yake upya, kama walivyofanya wanawake wengi wa huko. Udongo mwekundu tuliuchimba kwenye kichuguu, nikautwanga na kuuchekecha. Mweupe, ule unaoitwa pemba, aliununua sokoni, na rangi nyeusi tuliipata kwenye makaa. Alichora kwa vidole vitatu, akiimba kwa pua, chungu cha maharagwe kikiungua nyuma yake. Siku hizo tulikula maharagwe ya kuungua karibu juma zima, na ole wake mwenye kukunja uso! Mistari ya kupinda, vitone, pembetatu nyekundu. Mvua ziliporudi ziliosha yote.

Nikiwa darasa la tano, mwalimu alitutuma tuandike juu ya kitu kizuri cha nyumbani, pamoja na maana yake. Neno maana alilipigia mstari mara mbili ubaoni. Nikamfuata kambo.

"Kambo, hii michoro inataka kusema nini?"

"Haitaki kusema kintu. Iko muzuri, njo ile tu."

"Mwalimu atakatala."

"Basi mwalimu akuye hapa, aangalie."

Jibu gani hilo la kupeleka shuleni? Nakiri, nilikuwa mtoto wa kupenda sifa. Nikatunga maana yangu: mstari mweusi ni njia ya wafu wa ukoo wetu, na vitone vyeupe ni macho yao, yanawaangalia watu wabaya wa mtaa. Mwalimu alifurahi mno, akaisoma mbele ya darasa zima. Ulimi hauna mfupa. Kufika Jumapili, kikundi cha sala kilikuwa kimeshasikia, na jirani yetu, mama aliyechota maji pamoja na kambo tangu ujana wao, alikuja akasimama mbali na ukuta.

"Mama, banasema ile macho inatuangalia. Ni kweli?"

Kambo akanigeukia. Nililia kabla hajaniuliza. Hakunipiga, na ningeona afadhali angenipiga. Alikoroga udongo akaufunika ukuta wote kwa rangi moja. Kesho yake nilikwenda kwa jirani nikaungama uongo wangu, akanisamehe, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Baridi iliyofuata kambo hakuchora, wala zile nyingine zote. Nikimwuliza, alisema mgongo umechoka. Nilijua aliyemchosha ni mimi.

Alifariki nikiwa nimeolewa mbali, sikuwahi maziko. Nilipofika, wajomba walikuwa wameanza kuibomoa nyumba ili wajenge ya matofali ya kuchoma, kama zilivyo nyumba zote za Kasungami leo. Ukuta wa mbele ulikuwa umelala chini, na chumba chake cha kulala, ambamo sisi watoto hatukukanyaga, kilikuwa wazi kwa jua.

Kuta zake tatu zilizobaki zilikuwa zimechorwa, kutoka chini mpaka juu. Vitone, mistari, pembetatu, rangi juu ya rangi, kazi ya miaka mingi ambayo mvua haikuifikia.

Wapita njia walishuka kwenye baiskeli zao. Mafundi waliweka nyundo chini. Jirani yule, mzee sasa, aliingia polepole mpaka katikati ya vifusi, akageuka huku na huku, mkono mdomoni. Hakuna aliyeuliza inataka kusema nini.

Kisha mjomba mmoja akasema kazi itachelewa, na mafundi wakaokota nyundo zao.