Matete Yaliyochomwa Ndege Wakiwa Wamelala

Chini ya nyumba yetu, pembeni mwa Bukavu kwenye njia ya kwenda Lwiro, kulikuwa na bonde la majani lililolowa maji msimu wote wa mvua. Mama mkwe wangu alichunga humo ng'ombe wake wawili. Mvua zikishaanza, mwezi wa tisa au wa kumi, walikuja ndege wadogo kutoka Ulaya, wakashuka katikati ya miguu ya ng'ombe. Tumbo la manjano ya ndizi mbivu, mgongo wa kijani kilichofifia, miguu myembamba myeusi, na mkia mrefu usiojua kutulia. Hawakurukaruka kama shomoro. Walitembea, tena upesi, wakiokota nzi walioamshwa na kwato.

Jioni waliingia kwa makundi kwenye matete kulala, wakigombania nafasi kwa kelele. Karibu na Pasaka, rangi za madume zilipokuwa zimeng'aa kama nguo mpya, waliondoka kwenda kutaga kwenye majani ya kaskazini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na somo langu la wanyama nilipenda kulifundishia pale, watoto wamechuchumaa kimya ukingoni mwa maji.

Mwaka juzi tajiri mmoja wa Ibanda alinunua bonde akitaka kulikata parseli, viwanja vya kuuza. Matete yalimsumbua. Mvua zilipokatika kwa siku kadhaa, vibarua wake wakayachoma wakati wa jua kuzama, ndege wakiwa wamekwisha kuingia. Tulisimama mlangoni tukiona moshi, na ndege waliotoka wakizunguka juu yake bila kujua watue wapi.

Asubuhi nilishuka. Majivu yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Niliokota waliokufa nikawatia kwenye beseni langu la vyombo. Mmoja alikuwa bado anapumua, mbawa zimeungua, na mkia ulikuwa ukitikisika vilevile. Mama mkwe alimchukua mikononi mpaka akakata roho. Kisha akaniambia nisiliache beseni pale, nimngoje nalo tajiri mwenyewe.

Alikuja kwa gari lake la jeep pamoja na shefu wa mtaa. Nikaliweka beseni mbele ya viatu vyake. Aliangalia, akacheka kidogo kwa pua.

"Maman, hii ndege haiko ya hapa. Iko ya Wazungu. Waende walale kwabo."

Damu ilinipanda. Maneno hayo nimeyasikia katika nchi hii yakisemwa juu ya watu, na sote tunajua yanaishia wapi.

"Inakala hapa myezi mingi kupita kule," nikamwambia. "Nani alikuambia haiko ya hapa?"

Alimgeukia shefu, akamwuliza kama huyu mwalimu hana kazi ya kufanya. Shefu, ambaye watoto wake nimewafundisha kusoma, alitazama majivu.

Wiki ile ile kamio zake, malori makubwa, zikaanza kumwaga udongo bondeni. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu tumzuie. Juu ya ndege, majirani walinisikiliza kwa adabu tu, na hilo nalo liliniudhi. Lakini mvua kubwa ya kwanza baada ya hapo ilipopiga, maji yaliyokosa bonde yaliingia katika nyumba za chini, yakabeba masufuria na magodoro. Hapo wamama wakashuka wenyewe, wakakaa barabarani mbele ya kamio, wengine na watoto mgongoni. Mama mkwe alileta ng'ombe wake wote wawili, akawasimamisha pamoja nasi. Madereva walipiga honi mpaka wakachoka, wakageuza.

Tajiri alikubali kuacha sehemu ya chini, ile iliyo karibu na mfereji. Juu zimeota nyumba za matofali. Msimu wa mvua uliofuata, ndege walirudi, wachache, wakajibana kwenye kipande kile cha matete. Watu wananiambia nishukuru. Nishukuru kuachiwa mkia wa kitu kilichokuwa kizima?

Jumapili moja tulijikuta benchi moja na yule tajiri kanisani. Padri aliposema tutakiane amani, alininyooshea mkono mbele ya watu wote. Mikono yangu ilibaki mapajani. Njiani mume wangu alinigombeza, akasema nimemwaibisha. Nilimwambia nitampa yule tajiri mkono siku matete yataota tena juu ya udongo wake, na nikatangulia kupanda kilima peke yangu.