Kanga ya Mama Kwenye Lori la Kijiji

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, nilipoikuta kanga ya marehemu mama yangu chini ya lori la kijiji, imelowa oili na kujaa mchanga. Sikulia. Niliinyanyua kwa vidole viwili nikaenda nayo nyumbani kwa bibi, na njia nzima nilikuwa natunga matusi ya kumtukana Rajabu.

Nakuhadithia haya kwa sababu ya mfuko wa vitambaa ulioniletea jana. Umetoka Mikumi, kwenye kazi yako ya kuosha magari, hadi hapa kijijini kwetu Ulaya, hii ya Kilosa, uniambie kwamba gari la mteja limechubuka rangi. Zuhura, mwenzako wa kazi, alidondosha kitambaa, akakiokota na mchanga wake, akaendelea kufuta. Kwa hiyo utavichoma vitambaa vyote, na Zuhura utamwondoa. Nikakwambia niachie mfuko, nenda kalale, urudi leo. Umerudi. Kaa basi, chai ipo, na mzee hakatizwi.

Wakati ule tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, tunalima pamoja, na lori lilikuwa moja. Lilipeleka pamba na mahindi yetu Kilosa, likarudi na chumvi, mafuta ya taa na wagonjwa waliopona. Dereva alikuwa Mzee Salumu, mtu asiyependa kelele. Utingo wake ndiye huyo Rajabu, kijana wa Chanzuru, mwenye nguvu na mwenye maneno mengi. Vitambaa vya kufutia lori havikununuliwa, maana hata nguo ya kuvaa ilikuwa ya kutafuta. Kikao kiliamua kila nyumba itoe kanga moja kuukuu, kwa kuwa pamba iliyofuliwa miaka mingi huwa laini, haikwaruzi kioo wala rangi. Jirani yetu alitoa blanketi lililochakaa, likashonwa mfuko wa kuvaa mkononi kwa ajili ya kusugulia bodi. Glovu zako hizo za manyoya, sisi tulikuwa nazo zamani, ila hazikuwa na rangi nzuri.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na bibi, na kanga kuukuu ilikuwa moja tu, ya mama. Alifariki nikiwa mdogo. Kanga ile nilikuwa naikunja naiweka chini ya kichwa ninapolala. Bibi aliichukua akaichana vipande mbele yangu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Na sisi ni nyumba. Tutatoa kama nyumba." Nilisusa chakula siku ile, naye hakunibembeleza.

Sasa sikia kosa lilivyoingia. Kitambaa cha nyumbani kina mwenyewe, lakini cha kijiji kila mtu alidhani mwingine anakifua. Rajabu alifuta kioo, akafutia injini kitambaa kilekile, akamalizia kwenye tairi, akakitupa chini ya lori. Siku akikumbuka kufua, alivichovya mtoni mara moja akavitandaza juu ya ua wa katani. Wewe unaijua katani, haiachi nguo bila kuitoboa, na upepo wa kiangazi unaleta vumbi la barabara nzima. Vitambaa vikarudi kazini na mchanga, na kioo cha lori kikaingia mistari na utando wa mafuta. Jioni jua likimpiga usoni, Mzee Salumu alikuwa haoni mbele, anaendesha ametoa kichwa dirishani. Watu walicheka, mpaka siku alipobakiza kidogo tu alikose daraja, na kina mama wako nyuma juu ya magunia. Hapo kicheko kilikwisha.

Basi nilipofika na ile kanga, bibi alikuwa anapepeta mahindi. Aliitazama, akaweka ungo chini. Nikamwambia, "Bibi, tuirudishe ndani." Alijitanda, tukaenda.

Rajabu alikuwa juu ya bampa. Alipomwona akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shuka, mwanangu. Hii ni nini?"

"Kitambaa cha kijiji, bibi."

"Ni cha kijiji kweli. Kabla ya hapo kilikuwa nguo ya binti yangu. Nilikitoa mwenyewe, wala sijaja kukidai."

Rajabu alikosa pa kuweka macho. Mzee Salumu, aliyekuwa ameinama kwenye injini, akajifuta mikono na kusema, "Samaki mmoja akioza, mama, wote wameoza. Kesho naomba kikao kinipe utingo mwingine."

"Huyu si samaki, Salumu," bibi akamjibu. "Nani alimfundisha kufua? Mlimpa lori, mkampa vitambaa. Au mlidhani kufua kunaota kwenyewe kama ndevu?"

Mzee Salumu alijikuna shingo. Nami, niliyekuja nimejaa matusi, niliona haya kidogo, maana nilitaka sana Rajabu afukuzwe.

Siku hiyo bibi hakurudi kwenye mahindi yake. Aliita kina mama, na kila mmoja aliitambua kanga yake hata kama imebaki kipande. Wengine walikuja na hasira, wakakaa kwa sababu ya kazi. Alimwambia Rajabu akung'ute kila kitambaa kwanza, kikiwa kikavu, mpaka mchanga utoke. Vya kioo vilifungwa fundo pembeni visichanganywe na vya bodi, na vya mafuta vikapewa debe lao. Alikataza kuvipeleka mtoni, kwa kuwa kuna watu wanakunywa kule chini. Vilichemshwa kwenye madebe kwa sabuni na maji ya majivu, vikasuuzwa mpaka maji yakatoka meupe, na ile kamba ya kufungia mizigo ikawa kamba ya kuanikia. Maji ya mafuta yalichimbiwa shimo mbali na kisima.

Kipande cha mama nilikifua mwenyewe. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka, na doa jeusi halikutoka. Bibi akanishika mkono. "Ukizidi kusugua utaondoa kitambaa, doa libaki." Akakichukua kilipokauka, akakipitisha kwenye kitambaa cheupe alichojifunga kichwani, akanionyesha. Cheupe kilibaki cheupe. "Doa si uchafu, mjukuu wangu. Uchafu ni ule unaohamia kwenye kingine." Hapo ndipo nililia, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya ile kanga, na Rajabu akasimama pembeni ameshika debe, hajui aliweke wapi.

Kipande kile kikapewa kazi ya kufuta stiki ya kupimia oili, kazi isiyotaka hata punje ya mchanga. Rajabu hakufukuzwa. Akawa mfuaji mkali kuliko sisi, ukikanyaga kitambaa chake anakufuata mpaka kwenu. Mzee Salumu akarudisha kichwa ndani ya lori. Alipozeeka, Rajabu ndiye aliyeshika usukani, na lori lilipokufa kabisa aliniletea kile kipande, kimekunjwa, kinanukia sabuni.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kitambaa kikianguka chini kimemaliza kazi kwa siku hiyo, hata kama mteja anapiga honi. Kikung'ute kabla ya maji. Cha kioo kisioge na cha tairi. Hivi vyako vya kisasa usivichemshe, mimi nilikichemsha kimoja kwa mazoea kikakakamaa kama chapati ya juzi. Vitie maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usivitie dawa ya kulainishia maana vinakataa kunyonya maji, kisha vianike kivulini kwenye kamba. Glovu uipindue nje ndani, kwa sababu mchanga unapenda kujificha kwenye mshono. Na kabla hujamwondoa Zuhura, jiulize ni siku gani ulikaa naye kwenye beseni ukamwonyesha. Kama hukumwonyesha, mwonyeshe kesho. Doa lile la rangi iliyochubuka litabaki, mteja atalisema na mtalilipia kwa heshima, lakini angalia kama uchafu bado unahamia kwenye gari jingine.

Mfuko wako huu hapa. Nimevifua vyote. Utakuta kimoja kimezidi, cha kanga, kina doa jeusi. Usikirudishe, mpe Zuhura afutie stiki ya oili.

Mungu aibariki mikono yenu nyote wawili, awape riziki safi na wateja wavumilivu, na kila mnachokifua kikauke kabla ya mvua.