Miezi Ambayo Felisita Hakung'oa Jino

Felisita Masele ana meno ya kahawia. Wagonjwa wake wa siku nyingi wameshazoea, lakini wanaokuja mara ya kwanza humwangalia yeye mdomoni kabla hajawaangalia wao, na wengine husema waziwazi: tabibu wa meno gani huyu? Huwajibu kwamba maji ya kisima cha kwao Mwamapalala yana madini ya floridi mengi kupita kiasi, kwamba jino likishaota na rangi ile halitakati kwa mswaki wala kwa mkaa, na kwamba jino la kahawia linaweza kuwa zima kabisa. Kisha huwaambia wapanue mdomo.

Kazi hii hakuiota tangu utotoni. Alichokuwa nacho ni picha moja kichwani, ya mdogo wake, Ansbert, akiwa mchanga, analia hadi sauti inakauka. Mtoto alikuwa na homa na anaharisha. Jirani mmoja akampapasa ufizi, akasema ana meno ya plastiki, yale yanayodhaniwa kuleta homa, akayachimba kwa ncha ya spoku ya baiskeli. Vilivyotoka vilikuwa vijino vya kawaida ambavyo muda wake haujafika. Mama yao, Martha, alimkimbiza mtoto zahanati akapona, ila chonge zake za juu hazikuota mpaka leo. Felisita alisimulia habari hiyo kidato cha pili, siku mwalimu wa baiolojia alipofundisha meno, na mwalimu akamwambia kuna chuo cha watu wanaotibu kinywa tu. Hakuwa amewahi kusikia.

Baba yao alikuwa amekwishafariki wakati huo. Baba mkubwa, Thomasi, ndiye aliyewachukua wote kwenye mji wake, na ndiye aliyesimama mbele ya ukoo mzima Felisita alipofeli kemia na watu wakasema aolewe. "Atarudia mtihani," alisema. "Pamba mwaka huu tutavuna bila yeye." Akarudia, akafaulu, akaenda kusoma utabibu wa meno Mbeya, mahali penye baridi ambayo hakuijua hata kwa kusimuliwa.

Chuoni alijifunza mengi, lakini anachokikumbuka zaidi ni mwalimu wa mazoezi aliyewakataza kabisa kusema "kung'oa tu". Kila jino, alisema, limeshikamana na mtu kamili mwenye moyo, sukari, presha na dawa anazotumia ambazo hajakutajia. Walifundishwa kuuliza kabla ya kuchoma sindano ya ganzi. Walifundishwa kukwangua ukoga bila kuumiza ufizi, kuchemsha vifaa, na kujua jino lipi si la kwao bali la daktari bingwa. Alipohitimu aliomba usajili kwenye baraza linalosimamia taaluma yao, akapata namba yake, na baada ya hapo leseni ya kutoa huduma. Leseni hiyo haikuwa ya kudumu. Kila mwaka inahuishwa, na ili ihuishwe mtu lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza: semina, mafunzo ya mtandaoni, mikutano ya kitaaluma, kila kimoja na pointi zake.

Aliajiriwa kwenye kituo cha afya kimoja wilayani Itilima, upande wa Lagangabilili, karibu kabisa na nyumbani. Chumba chake kilikuwa kidogo, chenye kiti cha meno na dirisha linaloangalia mashamba ya mahindi. Alikuwa tabibu wa meno peke yake hapo. Kwa miaka kadhaa leseni ilihuishwa bila shida, naye akaanza kuichukulia kama kitu kinachojiendesha chenyewe.

Halafu mama yake akaugua. Uvimbe tumboni, rufaa ya Mwanza, upasuaji, kurudi, kwenda tena. Felisita alichukua likizo yake yote, kisha ruhusa bila malipo. Semina mbili zilifanyika Bariadi akiwa wodini anamlisha mama uji. Mafunzo ya mtandaoni aliyaanza kwenye simu akayaacha katikati. Mama alipopata nafuu na Felisita kurudi kazini, mwaka ulikuwa umeisha. Alipoomba kuhuisha, mfumo ukamjibu kwamba pointi zake hazitoshi.

Alikwenda ofisini kwa mganga mfawidhi, Daktari Mwatima, mwanamke wa Tanga aliyehamishiwa Itilima na ambaye Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu.

"Leseni yangu imekufa, daktari," alisema.

Daktari Mwatima aliweka kalamu chini. Nje benchi lilikuwa limejaa. "Imekufa tangu lini?"

"Tangu mwaka ulipoisha. Pointi hazijatimia."

"Na ukianza kuzitafuta leo?"

"Miezi kadhaa. Semina ijayo hawajaitangaza."

Daktari alitazama mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Felisita, mimi sitakukagua. Unajua hilo. Wagonjwa wale wataenda wapi?"

"Najua hutanikagua."

"Basi?"

"Basi sitaki kuingia mle ndani." Hakuwa na hakika kama anachosema ni uadilifu au ni woga. "Nipe kazi nyingine yoyote isiyo ya kumgusa mgonjwa mdomoni."

Daktari Mwatima hakufurahi, na hakuficha. Lakini alimpangia kutoa elimu ya kinywa kwenye kliniki ya mama na mtoto na kwenye shule za msingi, na wagonjwa wa meno wakaanza kuelekezwa Bariadi.

Baba mkubwa Thomasi alifika asubuhi moja kwa bodaboda kutoka Mwamapalala, shavu limefungwa kanga ya mkewe, jicho moja limefumba nusu kwa maumivu. Hakupita mapokezi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye chumba cha meno, akaketi kwenye kiti, akasubiri. Felisita alipoitwa alimkuta ameshajiegemeza.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Sijalala tangu Jumapili. Litoe."

Alimulika kwa tochi. Gego la chini, limeoza, limebaki kuta. Aliona kabisa namna litakavyotoka. Koleo lilikuwa ndani ya kabati, hatua chache tu kutoka mkono wake.

"Baba, mimi siwezi kulitoa leo. Leseni yangu imeisha muda. Twende Bariadi, nitakupeleka mwenyewe, kuna mwenzangu pale."

Mzee alifikiri hajasikia vizuri. "Imeisha nini?"

"Leseni. Ruhusa ya kutibu."

"Umesahau kazi?"

"Sijasahau."

"Sasa hiyo karatasi ndiyo inayong'oa jino?"

"Karatasi haing'oi. Lakini nikikuchoma sindano, halafu mwili wako ukaikataa, hakuna atakayenitetea mimi, wala wewe hutakuwa na pa kulalamika. Mimi kwa sasa ni kama mtu yeyote wa barabarani, baba."

"Mtu wa barabarani," alirudia Thomasi. Alishuka kwenye kiti polepole. "Mimi nilisimama mbele ya ndugu zangu kwa ajili ya mtu wa barabarani."

Felisita anasema angependa kueleza kwamba gego lile lilikuwa na jambo la hatari lililohitaji hospitali kubwa, ili kila mtu aone alikuwa na haki. Halikuwa nalo. Kule Bariadi, Dastan, aliyesoma naye Mbeya, alimuuliza mzee maswali yaleyale ambayo yeye angeuliza, akamchoma ganzi, akalitoa mzee hajamaliza kushika mikono ya kiti. Dastan akamnong'oneza Felisita, "Hili hata wewe ungelitoa." Alisema kwa wema, naye Felisita akaenda kusimama nje.

Kurudi nyumbani mzee hakusema neno, na pamba aliyoing'ata mdomoni ilimpa kisingizio. Lakini pamba ilitolewa na kimya kikabaki. Felisita alipokwenda kumjulia hali mama yake mwisho wa wiki, baba mkubwa aliitikia salamu akiwa anaangalia ng'ombe. Msimu wa kupalilia ulipita hivyo. Mama Martha alimshauri aende akapige magoti aombe msamaha. Felisita alikwenda, akapiga magoti, akasema anasikitika kwamba alimwacha na maumivu njia nzima. Hakusema kwamba alikosea kukataa. Mzee aliitambua tofauti hiyo, akarudi kuangalia ng'ombe wake.

Kwenye kliniki ya mama na mtoto, kazi ambayo aliichukulia kama adhabu, alisimama kila wiki mbele ya wanawake akizungumza Kisukuma. Mwanzoni alizungumza kama kitabu. Siku moja akamwona bibi mmoja, jina lake Kwandu, amempakata mjukuu anayewaka homa, na kila mara anaingiza kidole mdomoni mwa mtoto na kupapasa ufizi. Felisita aliacha somo akamfuata.

"Mayu, mama yangu, unatafuta nini humo?"

"Yameshatokeza," bibi alisema bila aibu. "Haya ya plastiki. Kuna mtu anayatoa, nikitoka hapa nampitia."

Hakumgombeza. Aliketi kwenye benchi, akampigia simu Ansbert, ambaye ni fundi pikipiki pale Lagangabilili, akamwomba afike. Ansbert alikuja na mikono ya grisi, akapanua mdomo mbele ya bibi, akamwonyesha mapengo.

"Walinichimba nikiwa hivi," alisema, akionyesha ukubwa wa mtoto yule. "Homa haikutoka na meno. Ilitoka na dawa."

Bibi aliyaangalia, kisha akamkabidhi Felisita mtoto. Mtoto akapimwa, akakutwa na malaria, akalazwa. Wanawake wengine waliokuwa wakisikiliza walianza kuuliza maswali kwa mara ya kwanza, wengi kwa pamoja, na kliniki ile ilichelewa kufungwa. Daktari Mwatima, ambaye hakuelewa hata nusu ya yaliyosemwa, alisimama mlangoni hadi mwisho.

Yeye ndiye aliyemtafutia Felisita nafasi semina ilipotangazwa Bariadi: namna ya kuzuia maambukizi kwenye vyumba vya meno, na dharura zinazotokana na sindano ya ganzi. Felisita alikaa mstari wa mbele. Mafunzo ya mtandaoni aliyamalizia jioni za mwisho wa wiki, nyumbani, baada ya kumpa mama dawa, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Pointi zilipotimia aliomba tena, na leseni ikatoka. Aliichapisha kwenye steshenari, akaibandika ukutani pale mgonjwa anapoangalia akiwa amejilaza kwenye kiti.

Wiki hiyohiyo alikuja mama mkubwa Anyes, mke wa Thomasi, jino linamsumbua akinywa chai ya moto. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mzee amenituma," alisema. "Amesema nikuulize kwanza kama leseni iko hai."

"Iko hai, mama. Ile pale."

Anyes aliisogelea, akaisoma yote, jina na namba na tarehe, akitembeza kidole. Kisha akavua kilemba, akapanda kitini.

"Unatumia dawa yoyote?" Felisita aliuliza akivaa glavu. "Presha? Sukari?"

"Presha. Lakini vidonge vimeisha, sijanywa siku nyingi."

Felisita alivua glavu, akaenda kuleta mashine ya kupimia. Presha ilikuwa juu mno. Jino la mama mkubwa halikutoka siku hiyo. Alimpeleka kwa Daktari Mwatima mkono kwa mkono, akampa dawa ya kutuliza maumivu, akampangia arudi presha ikishuka.

"Nitamwambia nini mzee?" Anyes aliuliza. "Atasema umekataa tena."

"Mwambie anipigie," alisema Felisita. Na jioni ile simu ililia, jina la baba mkubwa kwenye kioo.