Benchi Tupu

Asubuhi ile, katika hospitali moja ya Likasi, benchi lilikuwa tupu na wagonjwa watatu tumesimama. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja: jipu lenye tundu, juu kidogo ya matako, pale nywele zinapoingia ndani ya ngozi. Kila mmoja alishika glavu na wembe wake, maana siku hizi hospitali haina kitu.

Dereva wa lori akajishika kiuno. «Miye balinishona. Siku kumi tu, nikakaa tena ku volani, naendesha. Sasa imerudia.»

Fundi mmoja wa kiwanda cha Shituru akacheka. «Miye baliacha kidonda wazi, kijifunge chenyewe. Iko mwezi wa tatu nasimama, nakuja kubadilisha bandeji tu. Inapona muzuri.»

«Na ku kanisa unafanya namna gani?» dereva akauliza.

«Nasimama ibada yote! Pasta akasema: muangalie huyu ndugu, Roho hamuruhusu hata kukaa. Balinipa ushemasi.»

Dereva akafikiri. «Na ukipona?»

Shemasi akalitazama benchi kwa huruma. «Njo maana naomba dokta asiharakishe.»

Dokta akaniita, akanipa kuchagua: kushonwa, nipone haraka lakini mara nyingi hurudi, au kuachwa wazi, nichelewe lakini hurudi mara chache. Mimi Mkatoliki, sitafuti ushemasi, na kazi yangu ya kuandika gazetini ni ya kukaa. Nikatoa uzi wangu wa kushonea.

Mwezi uliopita nilikaa vizuri sana. Safu hii naiandika nimesimama, karatasi juu ya kabati.