Ng'ombe wa Mwisho wa Insha

Juzi mjukuu wangu alikuwa anapanga insha yake, mwanzo, kati na mwisho, nikasikia tena harufu ya pamba ya nyumbani Kiriba.

Alasiri moja, nikiwa bado msichana wa shule, nilikaa mlangoni nikiandika insha ya "Nyumbani Kwetu". Kengele zikawa zinalia taratibu kwenye vumbi. Wageni kutoka Bunda walileta ng'ombe, baba akacheka. Nikafurahi, nikamalizia insha: sasa tumekuwa matajiri.

Kesho yake Mwalimu Magesa alisoma, akanitazama sana.

"Binti, mwishoni tunafungaga habari. Hatuletagi vitu vipya."

Alijua fika, mimi nikiwa bado sijui, kwamba wale ng'ombe ni mahari yangu. Baba yangu, Masatu, ndiye aliyenioza. Magesa alinipa maksi saba, akachukua daftari la mwingine.