Lifti Inayorudi Juzi

Dorcas wa Pasiansi, Mwanza, ameuza samaki wa kukaanga tangu alipoolewa, lakini mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, hakanyagi. Sato huletwa na bodaboda hadi mlangoni, akawapasua, akawapaka chumvi, akawasha jiko. Ukimuuliza mbona haendi kuchagua mwenyewe, atakwambia miguu inamsumbua. Majirani wanajua si miguu, ni maji. Ni mama ambaye hadi leo huamka kushika paji la uso la binti yake wa miaka kumi na minane, aone kama lina joto.

Binti huyo, Gladness, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja upande wa Sengerema, ng'ambo ya maji. Fomu ilitaka sahihi ya mzazi, na siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu. Baba yake, Mayala, dereva wa lori, alisema kwa simu akiwa safarini, "Mama yako akikubali, mimi nimekubali. Asaini yeye." Fomu ikakaa juu ya kabati wiki mbili. Dorcas aliipita kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua.

Ng'ambo ile ndiko alikozaliwa, na ndiko alikofia mwanawe Luhende. Miaka kumi na moja iliyopita aliwapeleka watoto wake wawili kumsalimia bibi yao, katika kijiji cha karibu na Busisi. Alfajiri Luhende, mwenye miaka mitano, akashikwa na degedege. Pale nyumbani waliamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo aogeshwe kwanza dawa ya majani. Dorcas akakubali. Wakamwogesha hadi saa sita mchana. Walipofika kwenye kivuko wampeleke Mwanza mjini, kilikuwa kimeshaondoka, na mtoto akakatia roho mikononi mwake wakati wanangoja kingine. Tangu siku hiyo hajavuka. Daraja limejengwa, watu wanapita na magari yao, naye husikia habari zake kama habari za Ulaya.

Jumamosi ile mchana mvua ilimnyima biashara. Gladness akaweka filamu kwenye runinga, zile zilizotafsiriwa, ambazo mtafsiri huongea juu ya sauti za wenyewe na kuwabatiza wote majina ya kwetu. Bernadetta, jirani mshonaji mwenye asili ya Kagera, akaingia na gauni la mteja mkononi, akakaa kushona upindo.

"Huyu mzungu tumwite Mashimba," mtafsiri alisema. "Mashimba anaingia kwenye lifti ya hospitali, anabonyeza namba ambayo haipo. Mlango ukifunguka, ni juzi."

Dorcas aliacha kuchambua mchele. "Juzi ipi?"

"Ile iliyopita, mama. Amerudi."

"Na yeye aliyekuwepo hiyo juzi, kaenda wapi?"

"Naye yupo. Ona, yule pale ananunua mkate."

"Wako wawili?"

"Msukuma, hata lifti tu inatosha kumshangaza," Bernadetta alisema bila kuinua macho. "Nyie mnamletea na akina Mashimba wawili."

"Na nyie Wahaya lifti mliizoea wapi, Mama Projest? Kwenye migomba?"

Bernadetta akacheka hadi sindano ikamchoma.

Kwenye runinga, mke wa Mashimba, ambaye juzi hiyo alikuwa bado hajafa, alikuwa anaosha vyombo huku anaimba. Mashimba alisimama nje ya dirisha, akamtazama, asiingie. Dorcas akausahau mchele wake. Kilichomshika hakikuwa ile lifti. Ni kwamba kulikuwa na mtu huko mbali, asiyejua hata Pasiansi iko wapi, aliyewaza jambo lile lile analowaza yeye kila akimpasua samaki: kwamba ile siku bado ipo mahali, imefungwa tu, na ukipata mlango utaikuta na watu wake wote. Miaka yote alidhani ni ugonjwa wake peke yake. Kumbe watu dunia nzima wanaumwa hivyo hivyo, hata wameutengenezea picha.

"Mimi ningerudi ile siku baba Projest alipokuja kujitambulisha," Bernadetta alisema. "Ningemwambia, Bernadetta kasafiri, harudi." Mteja akamwita kutoka nje, naye akatoka na lile gauni.

Dorcas akamgeukia binti yake. "Wewe je? Ungerudi lini?"

Gladness hakuyatoa macho kwenye runinga. "Siku ya Luhende. Ile saa tunatoka kwenda kwenye kivuko. Nilipoteza kandambili moja, nikalia, mkasimama kunitafutia. Ningevaa ile moja, tukaenda."

"Kandambili gani?"

"Nyekundu. Babu aliitoa chini ya kitanda kwa fimbo."

Ndipo Dorcas akaikumbuka ile fimbo. Alikuwa ameirudia siku ile mara elfu, akiingilia alfajiri, kwenye beseni la majani, na hakuwahi kufika saa ile. Kumbe mtoto wa miaka saba alikuwa anaingia siku hiyo hiyo kwa mlango mwingine, peke yake, ndani ya nyumba hii hii. Alimtazama kama amemwona leo.

"Mwanangu, ni mimi niliyekubali aogeshwe."

"Najua. Bibi alinisimulia." Gladness akapunguza sauti ya filamu. "Ndiyo maana nataka ng'ambo ile, mama. Siku mtoto akiletwa asubuhi, anikute."

Dorcas alipangusa mikono kwenye kanga, akaishusha fomu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Mashimba alikuwa bado anabonyeza namba zake.

Jumatatu wakapanda basi stendi ya Nyegezi. Lilipoanza kupanda daraja, ziwa likafunguka pande zote mbili, pana, linameremeta, na chini yao yakapita yale maji ambayo siku ile yalimshinda. Mtoto wa kiti cha mbele hakuwa amemaliza kumenya chungwa lake walipofika ng'ambo.

Gladness alidhani mama yake amefumba macho. Alipogeuka alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye kioo, anaangalia, hata hapepesi.