Nguo ya Mihayo

"Bila babu yetu Mwinyijuma, yule Mzungu angekuwa mavi ya fisi huko Fukayosi, na leo msingekuwa na pilau ya kula."

Maneno hayo Mbaruku Khamis aliyasema kwenye kipaza sauti, mbele ya mgeni rasmi, na watu wakapiga makofi mpaka mgeni rasmi naye akalazimika kupiga. Ilikuwa Siku ya Kapteni, sikukuu ambayo mtaa wao pale Bagamoyo uliiadhimisha kila Jumamosi ya mwisho ya Februari. Kapteni Hartwig alikuwa Mjerumani aliyekwenda bara akavumbua ziwa ambalo watu walikuwa wakiogea. Aliporudi pwani mzima wa afya akajengewa mnara wa saruji. Wapagazi sitini na wanne waliombebea mahema, baruti na beseni lake la kunawia miguu hawakujengewa hata tuta la mchicha.

Mbaruku alikuwa fundi baiskeli wa miaka hamsini na minne, na ukimpelekea pancha moja aliweza kukurudishia mbili. Lakini alikuwa kitukuu wa Mwinyijuma, nyapara wa msafara ule, yule aliyetembea nyuma ya wapagazi na fimbo yake akihesabu vichwa na mizigo. Kwa miaka kumi na minane Mbaruku ndiye aliyesimama mnarani kusimulia uaminifu wa babu. Malipo yake yalikuwa kiti cha mbele, sahani ya kwanza, na kuitwa Mzee wa Kapteni na watu ambao siku nyingine zote walimwita Mbaruku Pancha.

Mwaka jana mwalimu Tina, anayefundisha historia sekondari, alisimama kwenye kikao cha mtaa akauliza swali la kitoto: mizigo ilibebwa na nani? Wazee wakatazamana. Kikao hakikumaliza saa mbili, Siku ya Kapteni ikawa imekufa na Siku ya Wapagazi imezaliwa. Wanaoheshimiwa sasa ni wenyeji waliofungua njia kwa miguu yao, si yule aliyebebwa. Mbaruku alipiga makofi kuliko wote. Kisha akaenda nyumbani, akasukuma wali pembeni, na mkewe Najma akajua kuna jambo, maana mumewe hajawahi kusukuma wali.

Jambo lenyewe alilibeba tangu ana miaka kumi na minne. Babu yake, mzee Abdala, aliyekuwa mtoto wa yule nyapara, alimwita chumbani siku za mwisho za ugonjwa wake akamnong'oneza yasiyosimuliwa mnarani. Kulikuwa na mpagazi mmoja, Mnyamwezi kijana, jina lake Mihayo. Miguu yake ilioza, na pale Fukayosi, zikiwa zimebaki siku mbili kufika pwani, ikakataa kabisa. Mwinyijuma akamtua mzigo akampa mpagazi mwingine. Akamfungulia kifurushi chake, akachukua ile nguo nyeupe aliyolipwa kwa safari nzima, akamwachia kibuyu cha maji kisimani, wakaondoka. Nguo ile Mwinyijuma aliitoa mahari akaoa mke. "Usimwambie mtu," alisema mzee Abdala, na hakupona.

Basi wiki moja kabla ya sikukuu ukaingia ujumbe kwenye grupu la mtaa. Mwalimu Tina aliandika kwamba wapo Wanyamwezi ambao wazee wao walikuja kuwatafuta ndugu zao wapagazi, wakabaki, na sasa wanalima Fukayosi. Mkubwa wao, Mama Evarista Leodgar, angekuja na wenzake kueleza aliyoyasikia nyumbani kwao.

Mbaruku aliusoma ujumbe ule mara tano. Aliyoyasikia nyumbani kwao. Akaegemeza baiskeli ya mteja hewani, ikaanguka. Aliona watu wote wanajua tayari. Muuza kahawa akimsalimia kwa furaha, alihisi anadhihakiwa. Asipomsalimia, alihisi mambo yameshafika. Usiku uliotangulia sikukuu akamwambia Najma kwamba alfajiri anakwenda Chalinze msibani. Najma akauliza kafa nani. Mbaruku, pamoja na hofu yake yote, hakuwa ameandaa maiti. Mkewe akazima taa, na safari ya Chalinze ikaishia hapo.

Asubuhi akavaa kanzu akaenda kama mtu anayepelekwa. Turubai lilifungwa kando ya mnara, na mazoea ni mabaya, walimkalisha kiti kilekile cha mbele. Alitaka kukataa, akakaa. Kila gari lililopunguza mwendo aligeuka kulitazama.

Wakaja saa nne, wanawake sita. Mama Evarista alikuwa mfupi, amevaa kitenge, umri wake unakaribia sabini. Mbaruku akasimama na kumwamkia kwa adabu zote za pwani, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alimpita nusu hatua, akarudi, akamvua kofia kichwani na kuivaa yeye. Kisha akaketi kwenye kiti cha Mbaruku.

Hapo mtoto yeyote wa pwani angejua la kufanya. Wazaramo, kabila la kina Mbaruku, na Wanyamwezi ni watani tangu zama za njia ile ya misafara, na mtani hasalimii. Huingia kwako akabeba jogoo, hulala mlangoni maiti isipite mpaka muikomboe kwa chochote, na hukutukania mababu hadharani. Wewe ukinuna, umeshindwa. Mbaruku mwenyewe aliwahi kupora sufuria ya supu kwenye msiba wa Mnyamwezi akakimbia nayo, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini hofu ya wiki nzima ilikuwa imemla akili. Yeye aliona mwanamke asiyeitikia salamu, na akajua kwa nini.

"Mwalimu," Mama Evarista alisema kwa sauti ya kufika barabarani, "huyu mnamkalisha mbele na babu yake ndiye aliyetuua? Leo hatoki hapa."

Turubai zima likaangua kicheko.

"Hakumuua, mama," Mbaruku akasema. "Alimwacha."

Watu wakazidi kucheka, wakidhani anajibu mapigo, na jibu ni zuri. Mmoja nyuma akamhimiza aendelee kuwapa. Akaendelea, kwa kuwa yalishaanza kutoka na hakuweza kuyafunga. Akataja Mihayo, Fukayosi, kisima, miguu iliyooza, kibuyu. Kicheko kikapungua safu kwa safu, mbele kwanza, nyuma mwishoni. Alipofika kwenye nguo iliyotolewa mahari, kilikuwa kimekwisha kabisa.

Mama Evarista alivua ile kofia taratibu akaiweka mapajani.

"Mimi nilikuwa natania," alisema.

Mbaruku alikuwa amekimbia jambo kwa miaka arobaini, na ameligonga mwenyewe palipokuwa hakuna mtu anayemfukuza.

"Umesema aliitwa nani?" Mama Evarista aliuliza.

"Mihayo."

Wale wanawake watano wakatazamana. Mama Evarista aliposema hakuwa akizungumza na watu, alizungumza na kofia. Kwao, alieleza, walifundishwa kwamba Mihayo alifika pwani, akapata nguo, akapata mke wa Kiswahili, akamsahau mama yake. Mwanamume anayetelekeza nyumba yake, ukoo mzima humwita Mihayo. Mume wake mwenyewe, alipomkimbia na kwenda Msata, alimwita Mihayo miaka kumi. "Kumbe tunamtukana mtu aliyelala kisimani kwetu," alisema. "Maji yale tunakunywa."

Mwalimu Tina alisogea na kipaza sauti, akafikiri vizuri, akarudi nacho.

"Mama, nipige faini yoyote," Mbaruku akasema. Sauti ilimtoka kama ya kuku. "Chukua baiskeli. Chukua kiti."

"Kiti hiki nimeshakichukua." Mmoja wa wenzake nusura acheke, akajizuia. "Mimi nataka nguo yake. Nyeupe, nzima, isiyovaliwa. Kesho unaileta Fukayosi kwa miguu, umeibeba kichwani, na utatuonyesha ni kisima kipi kati ya visima vyetu. Tutaizika badala yake, kwa kuwa mwili wake hatuuoni."

"Na ukoo wako utasemaje, mama? Mtanisamehe?"

"Lete nguo kwanza."

Akamrudishia kofia. Mbaruku hakuweza kuivaa. Alitoka chini ya turubai akiishika mkononi, na watu wakampisha zaidi ya nafasi aliyohitaji. Muuza kahawa alimtazama asimwite kwa jina lolote, si Mzee wa Kapteni wala Pancha. Alitembea hadi dukani kwa Abdullatif, muuza vitambaa, akiwa hajui kesho atarudi kutoka Fukayosi akiwa mtu wa nani.

Akaomba bafta nyeupe, mita saba. Abdullatif, aliyezoea wanaonunua bafta ya sanda, alimpa pole na kuuliza nani amefariki.

"Mihayo," Mbaruku alisema.

"Wa wapi huyo?"

"Wa kwetu."

Abdullatif akapima, akakata, akakunja. Bafta ni shilingi elfu mbili kwa mita. Mita saba ni elfu kumi na nne, na Mbaruku akazilipa bila kuomba apunguziwe.